Kabla Hujamkabidhi Kijana Kazi: Mwongozo Kamili wa Mipaka ya Kisheria kwa Walio Chini ya Miaka 18 Jijini Nairobi

Kila mwaka mtihani wa kidato cha nne unapokamilika mwezi Novemba, mitaa ya Nairobi hujaa vijana wenye nguvu tele na wasio na shughuli hadi matokeo yatoke Januari. Wengi wao wana miaka 17. Mzazi humdokezea jirani, jirani ana shemeji mwenye mjengo kule Ruai au karakana Kariobangi, na ifikapo Jumatatu asubuhi kijana amekabidhiwa karai na kuambiwa apande ngazi. Hapo hakuna aliyekusudia ubaya: mzazi hataki mwanawe azurure, fundi anaona anamsaidia mtoto wa mtaa, na kijana mwenyewe anatafuta nauli ya kwendea chuoni. Hata hivyo sheria ya Kenya ina neno kuhusu lile karai na ile ngazi, na wanaolijua neno hilo kabla ya ajali kutokea ni wachache mno.

Nimesimamia usalama wa wafanyakazi katika maeneo ya ujenzi ya Eastlands kwa miaka kadhaa, na ajali inayonirudia akilini ni ya kijana wa miaka 17 aliyeteleza kwenye ubao wa ghorofa ya pili akiwa na mfuko wa simiti mabegani. Alipona, lakini nyonga yake haikurudi kuwa kama zamani. Mwenye mjengo alirudia sentensi moja mbele ya kila aliyemhoji: "Nilidhani ni mtu mzima, tazameni urefu wake." Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya fundi, mwanakandarasi mdogo, mwenye hoteli, mwenye duka, mzazi na kijana mwenyewe, ili pasiwe na anayelazimika kuitamka sentensi hiyo tena.

Umri tatu za kuwekwa akilini

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kwamba mtoto ni mtu yeyote ambaye hajatimiza miaka 18, na Katiba ya 2010 inasema vivyo hivyo katika Kifungu cha 260. Kifungu cha 53 cha Katiba hiyo kinampa kila mtoto haki ya kulindwa dhidi ya kazi ya hatari au ya unyonyaji. Ndani ya miaka hiyo 18, Sheria ya Ajira imeweka ngazi tatu.

Mtoto ambaye hajafika miaka 13 haruhusiwi kuajiriwa kabisa, alipwe au asilipwe. Mwenye umri kati ya miaka 13 na 16 anaweza kupewa kazi nyepesi pekee, yaani kazi isiyoweza kudhuru afya wala makuzi yake, na isiyomzuia kuhudhuria shule au kufaidika na masomo anayopewa. Mwenye miaka 16 au 17 anaweza kuajiriwa, lakini bado ni mtoto machoni pa sheria, na kwa hiyo kazi zote zinazohesabiwa kuwa aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, kazi za hatari zikiwemo, zimefungwa kwake hadi siku atakapotimiza miaka 18.

Ni ngazi hii ya tatu inayowapoteza watu wengi. Wamesikia kwamba umri wa kuanza kazi Kenya ni miaka 16, jambo ambalo ni kweli, kwa kuwa ndio umri ambao nchi iliutangaza ilipoidhinisha Mkataba Nambari 138 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 1979. Lakini mwaka 2001 Kenya iliidhinisha pia Mkataba Nambari 182 kuhusu aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, na mkataba huo unamhesabu kila aliye chini ya miaka 18. Umri wa miaka 16 hufungua mlango wa kazi. Mlango wa kazi ya hatari una ufunguo wake mwingine, nao ni miaka 18.

Mambo mawili zaidi yanafaa kueleweka mapema. Kwanza, ridhaa ya mzazi haihalalishi kazi iliyokatazwa, na ridhaa ya kijana haiihalalishi pia, kwa sababu katazo limeelekezwa kwa mwajiri. Pili, makubaliano ya mdomo ni mkataba kamili chini ya Sheria ya Ajira, kwa hiyo mwajiri hawezi kujitetea kwamba "hatukuandikiana" au kwamba kijana alikuwa kibarua wa siku tatu tu.

Sheria hiyo haigusi biashara ya familia ambamo wafanyakazi ni wategemezi wa mwenye biashara pekee, kama vile mama na wanawe katika kibanda cha mboga. Msamaha huo usipanuliwe zaidi ya ulivyo. Akiongezwa mfanyakazi mmoja wa nje, biashara hiyo haimo tena katika msamaha, na hata pale unapofaa, Katiba na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 zinaendelea kumlinda mtoto dhidi ya kazi ya hatari, awe wa kwako au wa jirani.

Hatua ya kwanza: thibitisha umri kwa karatasi

Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18. Kwa hiyo kanuni nyepesi kuliko zote ni hii: asiye na kitambulisho, mchukulie kuwa mtoto hadi karatasi nyingine ithibitishe vinginevyo. Wapo waliokwisha kufikisha miaka 18 ambao bado wanasubiri kitambulisho chao, na hao si haki kuwafukuza. Waombe cheti cha kuzaliwa, na kama hakipo, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Piga picha ya stakabadhi hiyo au weka nakala yake. Usiichukue ile halisi na kuifungia kwenye droo yako, maana ni mali yake na ataihitaji.

Inapotokea kwamba hakuna ushahidi wa kutosha, sheria inaruhusu daktari wa serikali aamue umri wa mtoto. Kwa mwajiri mdogo njia hiyo ni ndefu, na ushauri wangu ni kwamba kama kazi yenyewe ni ya hatari na umri una shaka, jibu liwe hapana.

Usipuuze hatua hii kwa sababu ya haraka. Sheria inampa mwajiri nafasi ya kujitetea kwamba aliamini kwa dhati, na kwa sababu za maana, kuwa mtoto huyo alikuwa amevuka umri uliowekwa. Neno zito hapo ni "sababu za maana". Urefu, ndevu na sauti nzito ni ushahidi dhaifu mno. Nakala ya cheti iliyowekwa kwenye faili ndiyo itakayokusemea.

Hatua ya pili: andika siku nzima ya kazi, saa kwa saa

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, nami naiona kuwa uti wa mgongo wa jambo zima. Mwajiri akiulizwa kijana atafanya kazi gani, hujibu kwa jina la kazi: "Ni msaidizi tu." Jina hilo halielezi chochote. Msaidizi katika karakana ya Kamukunji anaweza kuwa anapanga masufuria kwenye rafu, na anaweza pia kuwa ameshika bati huku fundi akilikata kwa grainda nusu mita kutoka machoni pake.

Chukua karatasi uandike kila jambo ambalo mikono, mgongo, mapafu na macho ya kijana huyo yatakutana nalo tangu anapoingia hadi anapotoka. Andika anabeba nini na kina uzito gani. Andika anasimama wapi, na ni nani anafanya kazi juu yake au pembeni yake. Andika vimiminiko anavyoshika, vumbi anayovuta na mashine zinazozunguka umbali wa hatua tatu kutoka alipo. Andika pia yale "mara moja moja", kama kupanda juu ya paa kuziba mahali panapovuja au kukimbia barabarani kusimamisha lori, kwa maana ajali nilizowahi kuzifuatilia zilitoka mara nyingi kwenye kazi ambayo haikuwa ya kijana huyo, bali aliombwa aishike "kidogo tu" kwa sababu mwenyewe alikuwa amekwenda kula.

Hatua ya tatu: linganisha orodha yako na sheria

Anza na Kanuni za Jumla za Ajira za mwaka 2014, ambazo zina jedwali la sekta zenye kazi za hatari kwa watoto. Humo mna ujenzi, viwanda, uchimbaji wa madini na upondaji wa mawe, uchimbaji wa mchanga, utengenezaji wa matofali, uchukuzi, maghala, ngozi, vioo, viberiti na fataki, kilimo, uchungaji wa mifugo, uchumaji wa miraa, uvuvi wa kina kirefu, kazi za mitaani katika sekta isiyo rasmi, uokotaji wa taka, na kazi za nyumbani. Wengi hushangaa kuona kazi za nyumbani humo, ilhali msichana anayelala jikoni kwa watu, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, na asiyeweza kufungua geti bila ruhusa, yumo katika hatari ambayo jirani haioni hata akiishi ukuta kwa ukuta naye.

Kama biashara yako imo katika jedwali hilo, jibu la kuanzia ni hapana. Ukidhani kuna sehemu ya biashara isiyo na hatari, peleka ile karatasi ya saa kwa saa kwa afisa wa leba umwombe aitazame, usijiamulie mwenyewe.

Sheria yenyewe pia ina makatazo yaliyotajwa waziwazi. Hakuna mtoto anayeruhusiwa kufanya kazi katika machimbo ya wazi au ya chini ya ardhi. Mtoto wa miaka 13 hadi 16 haruhusiwi kuhudumia mashine katika kiwanda, isipokuwa awe mwanagenzi, yaani mwanafunzi wa ufundi kazini, aliyesajiliwa kisheria. Na kwa kuwa sheria ya vileo ya mwaka 2010 inamkataza mwenye leseni kumruhusu aliye chini ya miaka 18 kuingia mahali pombe inapotengenezwa, kuhifadhiwa au kunywewa, kijana wa umri huo hawezi kuwa mhudumu wa baa, wala mwosha glasi wa nyuma ya kaunta.

Baada ya hapo, tumia vipimo vitano vilivyomo katika Pendekezo Nambari 190 la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1999, lililoandamana na ule Mkataba Nambari 182. Ni vipimo vya kimataifa, lakini ukivitembeza Nairobi utadhani viliandikwa Gikomba.

Kipimo cha kwanza ni mahali: kazi za chini ya ardhi, chini ya maji, mahali pa juu, au mahali palipobana. Hapa unaingia ubao wa mjengo, paa la mabati, kisima na mtaro wa maji taka. Limo pia shimo la choo, ambalo linahitaji kutajwa peke yake, kwa sababu hewa yenye sumu iliyokusanyika ndani yake humwangusha mtu bila onyo, na anayeshuka kumwokoa huanguka juu yake. Kijana mwembamba hutumwa humo kwa sababu anapenya. Wembamba huo usiwe sababu ya kumtuma hata siku moja.

Kipimo cha pili ni mashine na mizigo. Msumeno wa mviringo wa mafundi wa mbao, grainda, kinu cha kusaga posho na mashine ya kuchanganyia zege vyote vimekataliwa. Kuhusu mizigo, pima badala ya kukisia: mfuko wa simiti una kilo 50, na gunia la mahindi lina kilo 90. Kijana wa miaka 16 mwenye uzito wa kilo 52 akiambiwa abebe mfuko huo kutoka kwenye lori hadi ghorofa ya tatu, anapandisha mtu mwenzake mgongoni, na anafanya hivyo mara 40 kwa siku akiwa na mifupa ambayo ncha zake bado zinakua. Madhara yake hayaonekani jioni hiyo. Hujitokeza miaka mingi baadaye, wakati ambapo hakuna anayekumbuka mjengo ule.

Kipimo cha tatu ni mazingira yanayodhuru afya: kemikali, vumbi, joto, kelele na mitetemo. Ningependa msomaji atulie hapa kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hatari hizi hazina damu wala mayowe. Katika gereji za Grogan, rangi ya magari hupulizwa kwenye banda lisilo na feni, na thina huoshewa mikono. Kuchomelea chuma huunguza macho kwa mwanga na hutoa moshi wa madini. Kukata mawe ya kujengea hutoa vumbi la madini ya silika ambalo hutua ndani ya mapafu na kuyakakamaza pole pole kwa miaka. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu papa hapa Gigiri, lilitoa uchunguzi kuhusu jaa la Dandora uliohusisha watoto na vijana 328, na nusu yao walikutwa na madini ya risasi kwenye damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 au zaidi kwa desilita, kiwango kilichokuwa kikihesabiwa wakati huo kuwa cha sumu. Mwili unaokua huvuta hewa nyingi zaidi kwa kila kilo ya uzito wake na hufyonza risasi kwa wingi kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo kiasi ambacho fundi wa miaka 40 anaona hakimfanyi kitu si kipimo cha kumpimia kijana aliye kando yake. Wala usidhani barakoa na glavu zitatatua suala hili: vifaa vingi vya kujikinga vimeshonwa kwa vipimo vya watu wazima, na barakoa isiyobana uso mwembamba huingiza vumbi lote pembeni.

Kipimo cha nne ni saa na hali ngumu: kazi ndefu kupita kiasi, kazi ya usiku, na kufungiwa katika majengo ya mwajiri bila sababu. Cha tano ni ukatili wa kimwili, kiakili au wa kingono, ambao mwajiri mwema hudhani haumhusu. Unamhusu. Jiulize kama kuna saa ambayo msichana wa miaka 17 hubaki peke yake dukani na mteja au na msimamizi, na kama kuna mtu anayeweza kumlalamikia ambaye si ndugu yako.

Kazi iliyovuka jedwali, makatazo na vipimo vyote vitano bila kukwama inaweza kufikiriwa kwa kijana wa miaka 16 au 17. Kwa maoni yangu, kazi zinazofaa kuangaliwa kwanza ni kupanga na kuuza bidhaa dukani, kuandika hesabu, kuhudumia wateja katika duka la vitabu au la vifaa vya simu, kuchapa na kunakili nyaraka katika saiba, na kuhudumu mezani mchana katika hoteli isiyouza pombe, mbali na karai la mafuta ya chapati na mahamri.

Hatua ya nne: panga saa

Katika viwanda, neno ambalo Sheria ya Ajira inalitumia kwa upana kiasi cha kujumuisha ujenzi, machimbo na uchukuzi, aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, isipokuwa katika dharura na hali chache zilizotajwa na sheria. Mimi ningeutumia mpaka huo hata kwa duka na saluni. Kijana anayeachiliwa saa tatu usiku mjini bado ana safari ya matatu hadi Kayole au Githurai, na safari hiyo ni sehemu ya siku yake ya kazi.

Kwa aliye bado shuleni, fuata kalenda ya shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumwajiri mtoto wa umri wa lazima wa shule katika kazi inayomzuia kuhudhuria masomo. Likizo za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka zinatosha kwa kazi nyepesi.

Hatua ya tano: idhini, maandishi na rejista

Mwandikie afisa wa leba wa kaunti barua fupi yenye jina la biashara, umri wa kijana, kazi utakazompa kama ulivyoziandika katika hatua ya pili, saa zake na malipo. Ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua ya mzazi au mlezi. Omba idhini ya maandishi, na usimwanzishe kijana kazi kabla ya kuipata. Najua wengi huogopa ofisi ya leba wakidhani kwamba kujitokeza ni kujishtaki. Anayejitokeza na karatasi mkononi hupata ushauri bila malipo, na siku ya ukaguzi huwa na la kuonyesha.

Sheria inamlazimu mwajiri wa mtoto kuweka rejista yenye umri na tarehe ya kuzaliwa ya mtoto, tarehe aliyoingia kazini na tarehe aliyotoka. Daftari la kawaida lenye mistari linatosha. Ongeza humo nambari ya simu ya mzazi, kazi alizoruhusiwa na kazi alizokatazwa, kisha mwite msimamizi wa zamu aisome na kutia sahihi. Sahihi hiyo ndiyo itakayomkumbusha asimtume kijana juu ya paa siku ambayo wewe hupo. Ujue pia kwamba afisa anaweza kuagiza mtoto aliye kazini apimwe afya wakati wowote.

Anayetaka ufundi

Kuna swali ambalo wazazi huniuliza kwa uchungu: "Sasa mtoto atajifunza lini ufundi, kama hawezi kugusa mashine hadi miaka 18?" Ni swali la haki, na sheria imelijibu. Mafunzo ya uanagenzi yaliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mafunzo ya Viwandani hupitia Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yenye kituo chake Industrial Area. Hapo mkataba huandikwa, mafunzo husimamiwa, na kijana huishia kupata cheti cha mtihani wa ufundi ambacho mwajiri yeyote anakitambua. Vyuo vya ufundi vya umma navyo hufundisha uchomeleaji, useremala na umeme. Tofauti ya njia hizi na kumtupa kijana karakanani ni kwamba huko anafundishwa kwanza kuizima mashine kabla ya kufundishwa kuiwasha, na mwalimu yupo kando yake muda wote anapoigusa.

Kumwita kijana "mwanafunzi wangu" hakumfanyi mwanagenzi. Pasipo na mkataba uliosajiliwa, mbele ya sheria yeye ni mtoto uliyemwajiri.

Ikiwa tayari yupo kazini

Mwondoe kwenye kazi ya hatari leo, si mwisho wa mwezi. Mlipe kila senti aliyoitolea jasho, maana kukatazwa kwa kazi hakumpi mwajiri ruhusa ya kumeza ujira wa mtoto. Kisha zungumza na mzazi mkiwa watatu, pamoja na kijana mwenyewe, na muulizane fedha zile zilikuwa za nini. Mara nyingi kuna ada au kodi ya nyumba nyuma yake. Kama una kazi nyingine iliyovuka vipimo, ipitishe katika hatua za juu umpe hiyo. Kama huna, mwelekezeni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kwa chifu aulizie msaada wa basari. Kumfukuza tu bila kuangalia mbele humpeleka kwa mwajiri asiyeuliza umri.

Adhabu za Sheria ya Ajira nazo zifahamike. Anayemtumia mtoto katika aina mbaya zaidi za ajira anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 12, au vyote viwili. Mtoto akifa au akiumia kwa sababu mwajiri alikiuka sehemu ya sheria hiyo inayowalinda watoto, faini inaweza kufikia shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili, na fedha hizo zinaweza kuelekezwa kwa mtoto au familia yake.

Akiumia

Hospitali kwanza, na gharama ya matibabu ni ya mwajiri. Hili si hisani. Limo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo inamtaka mwajiri aripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7 tangu apate habari, na kifo ndani ya saa 24. Ofisi kuu ya idara hiyo iko Safety House, Industrial Area. Mzazi asitie sahihi karatasi ya "tumemalizana" kwenye korido ya hospitali. Achukue nakala ya ripoti ya daktari, apige picha mahali ajali ilipotokea kabla hapajasafishwa, aandike majina ya waliokuwepo, kisha aende kwa idara hiyo mwenyewe kama mwajiri hajaripoti.

Ukiona mtoto wa mwingine katika kazi ya hatari

Huhitaji kuwa mzazi wala jamaa. Mtu yeyote anaweza kulalamika kwa afisa wa leba au kwa polisi mwenye cheo cha inspekta au zaidi, na anayepokea lalamiko hilo anatakiwa kulichunguza ndani ya siku 7 na kuwasilisha ripoti kwa waziri. Andika mahali, siku, saa, na kile hasa ulichomwona mtoto akikifanya. "Anateswa" ni neno zito lakini haliongozi uchunguzi, ilhali "anakata mawe bila miwani kuanzia asubuhi hadi jioni, Jumatatu hadi Jumamosi" linauongoza. Weka tarehe uliyolalamika na jina la ofisi, ili siku ya nane uwe na pa kuanzia kuuliza. Kwa msaada wa haraka kuna nambari 116, ambayo ni simu ya bure ya kusaidia watoto. Usimpige mtoto picha ya uso na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa utamwaibisha yeye na kumpa mwajiri muda wa kumhamisha.

Siku anapotimiza miaka 18

Tarehe hiyo iandikwe kwenye rejista tangu siku ya kwanza, pembeni ya jina lake, na isichukuliwe kuwa siku ya kumpa grainda. Wiki hiyo afundishwe upya kama mtu aliyeingia leo: swichi ya kuzimia iko wapi, kinga ya jiwe la grainda inafungwaje, anasimama upande gani cheche zinaporuka, na ni nani wa kumwita. Mpe miwani na glavu za saizi yake, mpe kipande cha chuma kisicho na thamani, na usimame kando yake hadi akikate chote.